Mzee anataka kulala, mimi nataka kutembea: vile mnaeza kuchagua pa kwenda likizo bila kununiana

Wacha nianze na ile likizo iliyotuharibia ndio mjue siongei tu. Mwaka wa tatu wa ndoa mimi na mume wangu, ndio huyo namwita mzee, tukasema tunaenda Diani huko pwani. Kila mtu alikuwa anaenda Diani, picha zimejaa kwa status, na mimi mtoto wa Kakamega na yeye mtu wa hapa Kisumu upande wa Nyahera, bahari tulikuwa tumeiona mara moja moja na safari za shule. Tulikuwa na siku tano. Tukapanda basi ya usiku, kampuni sitaitaja, ikaharibika kabla hata ya Nakuru tukakaa kando ya barabara na ile baridi masaa matatu, kufika Nairobi treni ya asubuhi ishatuacha tukangoja ya mchana, na Diani tukaingia saa tano usiku tukiwa kama watu wametoka vitani. Kesho yake saa kumi na mbili mimi niko macho, nimevaa, nataka kuona kila kitu. Yeye anataka shuka. Siku iliyofuata hivo hivo. Siku ya tatu tukagombana kwa ufuo mbele ya mwenye ngamia, mimi nataka kupanda, yeye anasema hiyo ni pesa ya samaki ya jioni, mwenye ngamia anatuangalia tu, mwishowe akasema pole pole, "Mkimaliza mtaniita." Siku ya nne tukaanza kurudi.

Kwa muda mrefu nilikuwa naambia watu Diani si pazuri. Uongo. Diani haikuwa na makosa yoyote. Ni sisi tulichagua mahali kabla ya kuulizana kila mtu amechoka na nini.

Hapo ndio pa kuanzia, na watu wengi wanaparuka. Mzee wangu anauza vifaa vya ujenzi, siku nzima amesimama kaunta watu wanamwita, misumari, simiti, mabati, fundi huyu anataka deni, lori limefika hakuna wa kushusha. Kwake kupumzika ni kukaa mahali hakuna mtu anaita jina lake. Mimi nafanya hesabu za sacco, nakaa kwa kiti masaa nane kwa chumba kina dirisha moja linaloangalia ukuta. Kwangu kupumzika ni miguu. Sasa ukichukua hawa watu wawili uwaweke hoteli moja bila mpango, mmoja ataonekana mvivu na mwingine ataonekana msumbufu, na hakuna mwenye makosa.

Kitu tunafanya siku hizi ni hiki. Kama mwezi mmoja au miwili kabla, watoto wakishalala, tunararua karatasi mbili kwa daftari ya mtoto (hatujawahi kununua karatasi yetu, naomba msamaha kwa mwalimu wake), kila mtu anachukua kalamu. Marufuku kuandika jina la mahali. Unaandika tu ukiamka siku ya pili ya likizo, saa nne asubuhi uko wapi na unafanya nini, halafu saa kumi jioni, halafu usiku. Upande wa nyuma unaandika vitu vitatu hutaki kabisa. Mara ya kwanza mimi nilijaza karatasi mpaka pembeni. Yake ilikuwa hivi: "Kulala. Samaki. Usiniamshe." Nikacheka mpaka machozi yakatoka, lakini nikwambie ukweli, ile karatasi yake ilinisaidia kuliko yangu, kwa sababu niliona huyu mtu hahitaji vitu vingi, na vile anahitaji vinapatikana karibu kila mahali. Ni mimi nilikuwa na mahitaji ya kupangwa.

Usipuuze ule upande wa nyuma. Vile mtu anataka vinabadilika kila mwaka, vile hataki havibadiliki. Yeye hataki safari ya zaidi ya nusu siku, hataki mahali muziki unapigwa mpaka usiku wa manane, na hataki kupiga foleni ya chakula na sahani mkononi, anasema inamkumbusha bodingi. Mimi sitaki choo cha kushiriki na watu siwajui, sitaki kupika, na sitaki kwenda kwa watu.

Hapo kwa kwenda kwa watu nikae kidogo kwa sababu ndio vita vya nyumba nyingi huku kwetu. Desemba ikifika mwanaume anasema tunaenda likizo, ukiuliza wapi anasema nyumbani. Ndugu yangu, ushago, yaani kijijini kwao, si likizo kwa mke. Nampenda mama mkwe na namsalimia kwa roho safi, lakini huko naamka kabla ya jogoo, chai ya watu kumi na tano, kuni zina maji, shemeji wamefika kutoka Nairobi na watoto wao na wote wanataka chapati. Narudi Kisumu nikiwa nimechoka kuliko nilivyoenda. Mzee kwa upande wake amekaa chini ya mwembe na ndugu zake na kwake hiyo kweli imekuwa likizo. Kwa hivo wekeni hizo safari mbili kwa vitabu tofauti. Ushago ni ushago, ina bajeti yake na siku zake, na likizo yenu wawili ni kitu kingine kabisa, hata kama ni siku mbili tu. Tulipoelewana hapo, nusu ya kelele iliisha.

Sasa pesa na siku. Watu wanahesabu hoteli kwanza, nyinyi hesabuni barabara kwanza. Kisumu mpaka Nairobi ni kama kilomita 350, Nairobi mpaka Mombasa karibu 480 zingine. Treni ya Nairobi kwenda Mombasa ilipanda bei Januari 2024, daraja la kawaida likatoka shilingi 1,000 likawa 1,500, kwa hivo watu wawili kwenda na kurudi ni 6,000 kabla hujaweka basi ya Kisumu, teksi ya kukutoa kwa stesheni, na ile mahindi choma ya njiani ambayo hakuna mtu huandika kwa bajeti lakini kila mtu hununua. Na siku mbili nzima zimeenda na barabara. Sisi tuna sheria, kama siku za likizo ni nne au chini, hatuendi mahali pa kupita Naivasha. Pwani tutarudi, lakini na wiki nzima, na tukilala Nairobi usiku mmoja katikati.

Halafu muambiane kiasi. Si "tutaangalia". Kiasi. Mzee wangu alikuwa mtu wa kusema usijali, halafu siku ya tatu unaona uso umebadilika kila ukiagiza soda. Siku hizi pesa yote inakaa kwa simu moja, tumetoa ya nauli ya kurudi tukaweka kando haiguswi, na kila mtu anapewa kiasi chake kidogo ambacho hakuna kuulizwa. Yangu huenda kwa vikapu na vitambaa. Yake sijui huenda wapi na siulizi, ndio maana ya sheria.

Kutoka hapo ndio mnaanza kutafuta mahali, na mimi natafuta mahali penye milango miwili. Namaanisha mahali ambapo anayetaka kukaa anakaa na anayetaka kwenda anaenda, bila mmoja kumburuta mwenzake, na jioni mnapatana mezani. Msitafute mahali mnapenda vitu sawa, mtazeeka mkitafuta.

Kwetu mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa Kakamega, na niliona aibu kwa sababu ni nyumbani kwetu na sikuwa nimewahi kulala msituni. Ni kama kilomita 50 tu kutoka Kisumu. Huo msitu ndio kipande cha mwisho Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya kule Kongo, kwa hivo miti na ndege wa hapo hutawaona Mara wala Tsavo. Tulikaa upande wa Isecheno kule Shinyalu. Saa kumi na moja alfajiri kijana wa kutuongoza akabisha, mimi nikatoka, mzee akageuka upande wa pili. Tukapanda kilima cha Lirhanda na tochi, viatu vimeloa umande, na jua lilipotoka msitu wote ulikuwa chini yetu umefunikwa na ukungu kama maziwa yamemwagika, halafu kima wakaanza kuitana, halafu nikaona ule ndege mkubwa wa buluu, anaitwa turako, anaruka kwa mti kama kuku aliyevaa nguo ya harusi. Nikarudi saa tatu. Mzee amekaa nje na thermos ya chai, mbega wako juu ya mti mbele yake, weusi na ile manyoya yao nyeupe, amekaa nao hapo saa nzima bila kuinuka. Akaniambia, "Nyar Kakamega," yaani binti wa Kakamega, "hawa watu wenu hawana haraka." Mchana kuku wa kienyeji na ugali, saa tisa mvua ikaanza kupiga mabati, tukalala wote wawili. Yule kijana aliniuliza njiani mara mbili mzee yuko wapi, kwani tumekosana? Zoeeni hayo maswali, watu huku hawajazoea kuona mke anatembea peke yake na ndoa iko sawa.

Kama nyinyi ni watu wa maji, angalieni Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Mnaenda mpaka Luanda Kotieno mnapanda feri kuvuka Mbita, ama mnazunguka na barabara ya Homa Bay, na kutoka Mbita kuingia kisiwani ni daraja tu. Anayetaka historia ana kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 1969, limejengwa kwa umbo la risasi. Anayetaka kutembea kwa boti anaenda Mfangano kuona michoro ya zamani kwa mawe, na pale Takawiri kuna mchanga mweupe na minazi, ukipiga picha watu watadhani uko Malindi. Anayetaka kukaa anakaa tu na ngege wake wa kukaanga. Ila mjue kuogelea ziwani si kama baharini, kuna kichocho na kuna viboko, kwa hivo kama mmoja wenu ndoto yake ni kuingia kwa maji kila siku, tafuteni hoteli ina dimbwi la kuogelea au wekeni pesa ya pwani. Na mwende na neti na dawa ya mbu.

Upande wa Nakuru watu hukosea na flamingo. Mtu anamuahidi mkewe flamingo wa Ziwa Nakuru kwa sababu aliwaona kwa kalenda, wanafika hawapo. Maji ya hilo ziwa yamepanda sana hii miaka kumi na zaidi, na flamingo wanataka maji ya chumvi yenye chakula chao, yakiingia maji mengi ya mvua chakula kinapungua wanahama. Kama flamingo ndio ndoto ulizeni Bogoria, na hata huko pigeni simu kwanza. Lakini Ziwa Nakuru ni pazuri kwa mtu anataka kuona wanyama bila kutembea, vifaru wapo, twiga, simba wakitaka kuonekana, na mwenzake aliyechoka kukaa kwa gari anaeza kupelekwa Menengai kesho yake asimame pale juu aangalie lile shimo la volkeno mpaka upepo umwambie imetosha.

Naivasha ndio rahisi kuliko zote. Hell's Gate ni mbuga unaruhusiwa kutembea na miguu au baiskeli, punda milia wako hapo kando yako, wakati mwenzako amekaa ziwani na kitabu. Lakini mvua ikionekana, hata kule mbali, msiingie lile korongo la chini. Maji hushuka ghafla na yameshaua wageni, 2012 na tena 2019.

Na kuna Jinja kule Uganda, ambayo watu wa huku tunaisahau ilhali kutoka Busia ni masaa machache. Mkenya anavuka na kitambulisho, beba pia cheti cha homa ya manjano. Mmoja anaenda kurushwa na maji ya Mto Nile kwa ile boti ya mpira akipiga kelele, mwingine anakaa kando ya mto anamshikia viatu. Sisi hatujalala huko bado, tulienda siku moja tukarudi, na mimi ndio nilikuwa kwa boti.

Mbuga zinazosimamiwa na KWS, lile shirika la wanyamapori, kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, si pesa taslimu getini, kwa hivo lipeni usiku mkiwa kwa wifi. Nimeona mzee mmoja na mkewe getini jua kali simu inazunguka tu inatafuta mtandao, na mke hasemi kitu, na nyinyi mnajua mke akinyamaza hivo maana yake nini.

Msimu nitasema kwa ufupi. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, lakini huku magharibi mvua haijui kalenda, hunyesha mchana karibu mwaka mzima, Kericho ndio usiseme. Desemba hadi Februari ndio pakavu kidogo. Pangeni kutembea asubuhi na kukaa mchana. Na karibu na Krismasi nauli hupanda mpaka mtu anaona afadhali abaki, sisi tunaenda mwezi wa pili au baada ya shule kufunguliwa, bei inashuka, na watoto wanabaki kwa shangazi yao karibu na shule. Tukirudi tunamletea shangazi zawadi ya maana, si keychain.

Kama bado hamuelewani, msitume pesa kokote. Jaribuni siku moja. Jumamosi moja tulienda tu Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana hapo barabara ya Bondo. Jina lenyewe ni jiwe la mke wa kwanza, wazee husema kulikuwa na mzee alipenda hilo jiwe akawa anakaa hapo kila siku mpaka mkewe anamletea chakula hapo hapo, watu wakiuliza mzee yuko wapi anasema ameenda kwa mke wake wa kwanza. Mzee wangu aliposikia hiyo hadithi akasema huyo mtu anamuelewa kabisa. Mimi nikapanda mawe. Nauli kidogo, kiingilio kidogo, na kwa siku moja nilijua nani anachoka saa ngapi, nani akiwa na njaa anakuwa mkali (ni mimi), na kwamba tunaeza kukaa masaa mawili mbalimbali na hakuna mtu anakufa.

Mkipata mahali penye milango miwili basi mmemaliza, lakini kuna miaka hapapatikani, mmoja anataka Mara kuona nyumbu wakivuka mto na hiyo ni Julai mpaka Oktoba basi, hakuna cha katikati. Hapo ni zamu. Mwaka huu wako, mwaka ujao wangu, na muandike mahali, kwa sababu wanaume wana ugonjwa wa kusahau zamu ya nani. Mwenye zamu anachagua mahali, asiye na zamu ana haki ya kukataa mara moja tu na ana haki ya nusu siku yake mwenyewe. Na akishakubali asiende na uso wa matanga. Hiyo nilimwambia mzee baada ya kukaa siku mbili mahali nilichagua mimi akiuliza kila baada ya lisaa kama stima hupotea hivi kila siku.

Vitu viwili vidogo vya mwisho. Msitangaze safari kwa kikundi cha familia. Sisi tulitangaza mara moja, kufikia jioni tulikuwa tumeombwa karo, mchango wa matanga, na binamu mmoja akauliza kama kuna nafasi kwa gari. Pili, kabla ya kutuma deposit, pigeni simu muombe mtu awatumie video akitembea na simu kutoka getini mpaka chumbani na chooni, na pesa iende kwa paybill au till, zile namba za biashara za kulipa kwa simu, yenye jina la hoteli. Mtu akikwambia tuma kwa namba yake mwenyewe ndio akupunguzie bei, kata simu.

Mwaka huu ni zamu ya mzee. Ameandika Saiwa, ile mbuga ndogo ya kinamasi karibu na Kitale, ndogo kuliko zote Kenya, magari hayaingii, unapita kwa njia ya mbao juu ya matope. Kuna swala mmoja wa majini anaitwa sitatunga, akisikia hatari anazama anabaki pua tu nje. Ati anataka kukaa juu ya ile minara ya mbao asubuhi nzima akimngoja. Nimemuuliza na mimi saa nne asubuhi nitakuwa wapi. Akasema hizo mbao ni ndefu, nitatembea. Nimemuuliza kuku wa kienyeji je? Amesema atapiga simu aulize, na mpaka leo nangojea.